Maji ya Moto Niliyomnyima Mama

Jumatano. Leo ukungu wa Mbinga umekataa kuondoka. Nimekaa kwenye benchi la wodi, mtoto mgongoni, usingizi machoni, hasira kifuani.

Mama mkwe wangu amelazwa. Mwezi uliopita mguu wake ulivimba, damu ikawa imeganda ndani, akapewa vidonge vya kuizuia isizidi kuganda. Muuguzi alitueleza familia nzima: asichomwe sindano ya msuli, asipewe dawa ya maumivu bila kuwauliza wao, maana damu yake sasa ikianza kuvuja haisimami upesi.

Juzi, nikiwa shambani nachuma kahawa, goti likamsumbua. Akajikokota hadi kwa "Daktari" wetu wa pale Kitai.

Daktari!

Msimu uliopita alikuwa anazunguka na mizani kununua kahawa zetu. Biashara huria hii, kahawa ikamshinda, akanunua koti jeupe, akafungua duka la dawa. Rafu moja panadoli, rafu ya pili dawa ya wadudu wa kahawa. Mama alimwambia kabisa kwamba anameza vidonge vya damu. Akajibiwa, "Bibi, hivyo vya damu, hii ya goti. Wala havijuani." Akamchoma sindano ya tako.

Jana tako lilikuwa limevimba, jeusi kama biringanya, na fizi zinatoa damu. Shemeji yangu, ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko jembe lake, akabandika maji ya moto ili tumkande.

Nikayamwaga.

Mama akanitazama. "Nilikukanda mimi ulipomzaa Neema, kila asubuhi, mpaka ukasimama. Leo unaninyima maji?"

Neno hilo liliniingia. Mikono yake ndiyo iliyoninyanyua. Lakini joto na kusugua vingeifungulia damu njia. Nikamwekea kitambaa cha maji baridi, nikasimamisha gari la Mbinga. Njia nzima hakunisemesha.

Hapa wamempa dawa ya kupitia mshipani, ya kusaidia damu igande, na uvimbe umeacha kukua. Ila daktari, huyu wa kweli, anasema donge la mguuni bado lipo. Wakichelewa kurudisha vile vidonge, linaweza kupanda mapafuni. Wakiwahi, atavuja tena. Basi ni kumpima damu na kusubiri. Mtu mzima ananing'inia katikati kwa ajili ya goti na koti!

Mchana mwenye koti ametuma salamu kupitia shemeji. Anauliza mgonjwa anaendeleaje, na kama nimelitaja duka lake hapa hospitali.

Nimelitaja. Na mlango ulipo nimeelekeza.

Ninachoogopa mimi si yeye. Naogopa Mama asiondoke akiamini nilimnyima.

Nilikuwa naandika haya, akafumbua macho. Ndiyo mara ya kwanza kusema nami tangu jana.

"Mama Neema, hicho kitambaa chako kimeshapata joto. Kiloweshe tena."

Nakwenda kukilowesha.