Mstari wa Pili kwenye Kaburi la Babu

Jumatano, 16 Julai 2014

Baridi. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima haujaonekana tangu Jumapili. Hapa Sokon I, mjini Arusha, watu tunavaa makoti hata tukiwa ndani ya nyumba. Nimerudi kutoka shuleni saa tisa, nimechemsha chai, na sijaigusa.

Nina hasira, na karibu wote ninaotaka kuwakasirikia wameshakufa.

Nianze na kaburi. Jumamosi hii ukoo wetu unakutana nyumbani Akeri kuweka marumaru kwenye kaburi la Babu Anaeli, baba yake baba yangu. Alifariki mwaka 1987 na mpaka leo amelala chini ya tuta la udongo. Kaka yangu Godlisten, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu kwenye ukoo huu, alinipa kazi ya maneno ya kuchongwa. "Wewe ndiye mwalimu wa historia," aliniambia. "Tafuta mwaka aliozaliwa tu, mengine tunayajua." Hayo mengine yalikuwa mstari wa pili, na alikuwa ameshauandika: *Shujaa wetu, aliyefukuzwa Engare Nanyuki 1951.*

Mstari huo nimekua nao. Marehemu Baba alitusimulia mara nyingi jinsi serikali ya Waingereza ilivyowaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Polisi walikuja, nyumba zikachomwa moto, watu wakapakiwa kwenye malori wakashushwa Kingori, na huko mifugo yao ikawafia. Hayo yote ni kweli, yamo vitabuni. Baba aliongeza kwamba Babu alikuwa mmoja wao, na hilo halimo kwenye kitabu chochote.

Kila mwaka nikifika kwenye mada hiyo darasani, huweka chaki chini na kuwaambia wanafunzi: babu yangu alikuwa pale. Darasa hunyamaza kabisa. Nakiri kwamba kimya kile nakipenda. Mwaka juzi nilitoa na machozi kidogo, na leo sina hakika kama yalikuwa machozi ya kweli.

Basi Jumamosi iliyopita nilichukua karatasi ya manila nikaigawa katikati. Kushoto niliandika mambo ya nchi, kulia mambo ya Babu. Nilianza vizuri. Mama yake alikuwa akisema alimzaa majuma yaleyale Waingereza walipoingia Arusha wakiwafukuza Wajerumani, kwa hiyo 1916. Nzige walipokula mashamba alikuwa kijana anayechunga. Vita vya Hitler vilimkuta mtu mzima, wakamchukua kuwa askari wa Keya, na huko jeshini ndiko alikojifunza kuendesha lori. Aliporudi, akamwoa Bibi, akawa dereva wa Mhindi mmoja aliyekuwa na malori hapa mjini.

Hapo nikakwama. Dereva wa mjini, mke yuko Akeri, sasa Engare Nanyuki aliishi lini?

Nilijiambia labda alikuwa na shamba la pili. Jumatatu, nikitoka shule, nilikwenda usharikani kwetu Akeri kuangalia daftari la ubatizo, nikitegemea litanisaidia. Watoto wa Babu wote wamo, kuanzia Shangazi Elinipa aliyebatizwa 1946. Mmoja wao alibatizwa mwaka huohuo wa 1951. Kila mmoja, kwenye nafasi ya makazi, imeandikwa Akeri. Mwandiko ni mzuri, wino wa bluu, hauna hata herufi moja ya kubishania.

Mzee wa kanisa aliyekuwa amenifungulia kabati akaniuliza kama nataka na daftari la nidhamu. Sikulitaka, ila nilikubali kwa adabu.

Kwetu Walutheri mtu akianguka dhambini hutengwa na Meza ya Bwana. Jina lake huandikwa, na sababu huandikwa pia: pombe, mke wa pili, matambiko. Siku akitubu, husimama mbele ya usharika akarudishwa kundini, na hilo nalo huandikwa. Nyumbani tulijua Babu alitengwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na tulikuwa tukicheka. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa naye kwenye benchi watu wote wakienda mezani. Mimi nilikuwa sijapata kipaimara, na nilidhani yeye amebaki ili anishike mkono.

Jina lake lipo. Desemba 1951. Kwenye nafasi ya sababu pameandikwa maneno mawili: *Mwenyewe ameomba.* Kwenye orodha ya waliorudi kundini nilimtafuta mpaka mwaka aliofariki, na hayumo.

Jana nikaenda Terrat, kwa mtoto wa Shangazi Elinipa, ambako Shangazi anaishi siku hizi kwa sababu ya miguu. Yeye ndiye mkubwa wa watoto wa Babu waliobaki. Mimi nina jina la Bibi, kwa hiyo ananiita mama, ingawa ndiye aliyenibeba mgongoni.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mama. Umekonda. Hiyo shule inakula watu?"

Nilimwambia nilichokiona kwenye madaftari. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akaendelea kuchambua.

"Baba yako alipenda sana kuhadithia," akasema. "Babu yako hakuwahi kusema alifukuzwa. Akiulizwa alisema alikuwepo, kisha anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Hayo mengine baba yako alijazia, na sisi tukamwacha."

"Sasa aliyefukuzwa ni nani?"

"Si ni Mama Mdogo Aikande."

Aikande alikuwa mdogo wake Bibi, aliyeolewa Engare Nanyuki. Namkumbuka kwa mbali: mrefu, mkimya, akija Akeri alikuwa haingii sebuleni Babu akiwepo. Nilidhani ni heshima ya shemeji.

Nayaandika aliyonieleza Shangazi kama alivyoambiwa na Bibi, na Bibi aliambiwa na Aikande mwenyewe.

Aikande alikuwa amejifungua siku sita. Mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwetu mzazi hatoki nje. Anafungiwa ndani miezi mitatu, moto hauzimwi, analetewa maziwa na mafuta na nyama, hapigwi upepo, na hata jirani haruhusiwi kumwona hovyo. Polisi walipofika, mume alikuwa amekamatwa pamoja na wenzake. Mama mkwe na wanawake wawili walisimama mlangoni wakasema humu kuna mzazi, hatoki. Na kweli polisi walisita. Walikuwa wameshachoma nyumba za jirani, lakini pale walisimama mvuani wakibishana wao kwa wao.

Wakati huo lori likafika, moja ya yale yaliyokodiwa mjini. Aikande akachungulia kwenye upenyo wa mlango, akamwona dereva.

"Akapiga vigelegele," Shangazi akasema. "Alidhani shemeji yake amekuja kumchukua ampeleke Akeri kwa dada. Akajifunga mtoto, akatoka mwenyewe kwa miguu yake. Hakuna aliyemsukuma."

Akapanda nyuma na wengine. Lori lilikuwa wazi, na ile ilikuwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha. Moto ukawekwa kwenye nyumba akiwa anaangalia. Lori likaenda Kingori, likawashusha porini na vyungu vyao. Mtoto alikufa siku ya tatu.

Nilimuuliza Shangazi swali ambalo hata sasa sijui kwa nini nililiuliza kwa ukali vile: kwa nini Babu hakukataa?

"Nilimuuliza hilohilo akiwa mgonjwa, mwaka ule wa mwisho. Akaniambia aliona wenzake wanaendesha kama wamebeba mawe. Akadhani akiendesha yeye, ataendesha polepole."

Shangazi akaweka ungo chini. "Na aliendesha polepole, mama. Ndiyo maana walilowa muda mrefu."

Mkwe wake alileta uji tukanywa.

Leo nimekaa na jambo hili siku nzima. Kidato cha pili nimewapa zoezi la kunakili kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufundisha. Nimejaribu kumchukia Babu nikashindwa. Nikajaribu kumtetea, nikaona aibu. Bwana mwenye lori alisema nenda, naye alikuwa na watoto watatu. Mimi nisiyeweza kumkatalia mkuu wa shule hata zamu ya Jumamosi, ningesema nini mbele ya polisi wenye bunduki? Lakini mtoto alikufa. Kila ninapofika kwenye mtoto, hoja zangu zote zinaisha.

Kinachoniuma kuliko hata lori ni hiki: huzuni ile ilikuwa ya Aikande. Ni nyumba yake iliyoungua, na yule alikuwa mtoto wake. Sisi tukaichukua tukampa Babu, tukampa na ushujaa juu yake, na mimi nikaitumia darasani kuwanyamazisha watoto wa watu. Yeye alikuwa anakuja Akeri, anakaa jikoni na dada yake, anasikia Baba akiwasimulia wageni sebuleni, na hakusema neno. Alifariki hatukuweka hata msalaba wa saruji.

Na Jumamosi wana wa Aikande, aliowazaa baadaye, wanakuja. Godlisten amewaalika, maana ni ndugu. Mkubwa wao, Baba Mdogo Elisante, ameombwa aombe sala ya kufungua marumaru. Atasimama pale mbele ya watu mia, atasoma mstari wa pili, halafu atafumba macho aombe. Wale wanajua. Shangazi anasema wamejua siku zote, na wameendelea kuja misibani na harusini kwetu kwa ajili ya Bibi.

Saa kumi nilimpigia Godlisten. Nilimweleza yote, na nilijitahidi kutolia. Akasema, "Dada, marehemu hasemwi vibaya."

"Sijasema tuandike habari ya lori. Nimesema tusiandike uongo."

"Fundi anachonga kesho asubuhi. Watu wameshachapishiwa ratiba, na mstari ule umo kwenye ratiba. Unataka nimwambie nani nini?"

Nikamwambia mimi mwenyewe nitasema, mbele ya ukoo, ikibidi. Akakata simu. Tumegombana mara nyingi na kaka yangu, lakini hii ni mara ya kwanza kunikatia.

Nikavaa koti la pili nikatembea kwa miguu mpaka kwa fundi. Nilimkuta anapiga msasa. Nikampa karatasi mpya: jina, 1916, 1987. Akaniuliza mbona jiwe kubwa hivi litabaki tupu, huyu mzee hakuwa na sifa? Nikamwambia alikuwa na sifa zake. Alinitazama, akaiweka karatasi mfukoni, akasema basi ataacha nafasi, mkielewana mtamwambia. Sijui kama kesho Godlisten hatampelekea karatasi nyingine. Ana uwezo huo, na ananuna vibaya.

Kwa hiyo sitasubiri Jumamosi. Kesho nimeomba ruhusa baada ya kipindi cha pili. Nakwenda Engare Nanyuki kwa Baba Mdogo Elisante. Shangazi amenielekeza: nichume jani la sale, ambalo kwetu huombewa msamaha, nilifunge fundo, nilishike kwa mikono miwili, nisimame uani, nisiingie mpaka walipokee. Anasema jani hilo halikataliwi. Anasema pia Babu alilichuma mara moja, mwaka ule waliporuhusiwa kurudi kwao, akafika nalo mpaka daraja la njiani, akageuza. Lilikauka juu ya kabati lake la nguo, na Bibi ndiye aliyelitupa.

Sielewi naomba msamaha wa nani. Wa kwake, au wa Baba, au wangu na machozi yangu ya darasani. Labda wote, kwa jani moja.

Nimejifungia chumbani nikafanya mazoezi ya maneno, mtu mzima mwenye miaka arobaini, mbele ya kioo cha kabati. Mara ya kwanza nilisema mimi ni mjukuu wa Anaeli. Nikaona najificha. Mara ya pili niliishia kwenye shikamoo, na ya tatu nilianza kueleza habari za vita na Mhindi na watoto watatu, kama ninavyoelezea darasani.

Mara ya nne imetoka yote, bila maelezo.

"Shikamoo Baba Mdogo. Mimi ni mjukuu wa dereva."