Kamba ya Mashua ya Nane

Melini, 4 Aprili 1995

Papa,

Nakuamkia weye na mama. Mgongo wako unasema nini siku hizi? Minye niko muzima, chakula kiko.

Juzi bandarini tulifanya zoezi la mashua za kuokolea watu, lile la kila mwezi. Meli iko na mashua kumi na sita, zinaning'inia ubavuni kwa kamba za chuma. Ya tano ilikatika kamba ikishushwa. Ndani walikuwa wafanyakazi sita. Wawili wamekufa, mmoja ni Alexis, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja. Wakubwa wanasema ni bahati mbaya. Usihangaike, minye niko kwenye ya nane.

Mutoto wako,
Octave

Likasi, 30 Aprili 1995

Octave mutoto wangu,

Mgongo unanibeba bado. Mama yako anakohoa kidogo, ni moshi wa samaki wa ziwa Tshangalele tunaochoma tangu kazi ya mugodi isimame.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaketi chini. Meli imefungwa bandarini, mawimbi hakuna, na watu wanakufa wakijifunza kupona?

Miaka ishirini na miwili nimeshusha lifti ya mugodi, sikuangusha muntu hata mmoja. Shule sikuwa nayo, nilikuwa na kisu. Rangi inaficha, grisi inaficha. Kwaruza kamba, hesabu nyaya zilizokatika. Zikipita tano, muntu asiingie. Kisha tulishusha mifuko ya mawe, uzito wa watu wote. Halafu yule aliyekagua kamba anashuka yeye kwanza. Hao wakubwa wenu walishuka?

Barua yako imetumia siku ishirini na sita. Hii nampa Tshimanga, anapeleka samaki Ndola, ng'ambo ya mpaka, ataitia posta kule. Zoezi la Mei litapita kabla haijafika. Hapo sina la kufanya. La Juni, usipande bila kukwaruza.

Papa yako,
Godefroid

Melini, 3 Juni 1995

Papa,

Mwambie mama akae mbali na moshi.

La Mei nilipanda, kamba ikashika. Barua yako ilifika tarehe 28. Nilikwaruza kamba ya nyuma ya mashua yetu: nyaya kumi na moja zimekatika. Mukubwa wa mashua akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi ao kuchimba madini. Nikamwambia, "Basi panda weye kwanza."

Wenzangu walicheka. Ili kunifedhehesha alikubali tushushe kwanza mifuko, kama ulivyoandika. Damas wa jikoni alitoa viazi: mifuko ishirini na minne ya kilo ishirini, sawa na watu sita wa kilo themanini.

Katikati ya njia kamba ilikatika. Mashua ikasimama wima, viazi vyote vikaenda, mita kumi na saba. Abiria huko juu walipiga makofi, walidhani ni mchezo waliotayarishiwa. Mwezi uliopita nilikaa palepale nyuma, Papa.

Wamenifukuza, eti nimeharibu rangi ya meli. Kesho wananishusha. Kisu nimemwachia Damas. Leo nikifunga sanduku nilimwona amesimama chini ya mashua ya tisa, amemaliza kukwaruza kamba. Akanionyesha vidole kutoka mbali.

Saba.

Mutoto wako,
Octave