Wakala Niliyemfundisha Kusema "Tutaona"

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na nakusihi usinicheke, ingawa mke wangu ameshacheka hadi akakaa chini. Mimi ni mtengeneza programu za kompyuta, na siku hizi kazini kwetu hatuziandiki wenyewe, tunawatumia mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazofanya kazi zenyewe, na kazi ina hatua zake, wakala wa kwanza anauliza maswali na kuandaa mpango, mimi nausoma na kuandika "nimesoma, nakubali", wa pili anaandika programu, wa tatu anakagua kama mpango umefuatwa, yaani binadamu humo ndani ni mimi peke yangu na kazi yangu ni kusoma na kujibu. Sasa mshauri, yule wa kwanza anauliza kuliko mashemeji, maswali arobaini kwa kitufe kimoja, nikachoka, nikatengeneza wakala wa nne, nikampa barua pepe zangu za miaka mitatu ajifunze ninavyojibu watu, nikamwachia ajibu maswali na kukubali mipango badala yangu, nami nikawa nakunywa chai kwa utulivu, na bosi alipoona kazi zangu zinaisha mapema akanisifu mbele ya wote na kutaka niwafundishe wenzangu.

Mwezi uliopita tulitengenezea kliniki ya meno mfumo wa kuwajibu wagonjwa kwa ujumbe wa simu. Wakala wa kwanza akauliza, "Mgonjwa akisema ana maumivu makali na leo hakuna nafasi, ajibiwe nini?" Na huyu wangu, kwa kuwa barua pepe zangu ndivyo zilivyomlea, akajibu, "Tutaona." Wa pili akaandika hivyohivyo, wa tatu akakagua na kusema mpango umefuatwa neno kwa neno. Na kweli ulifuatwa.

Mmoja wa waliojibiwa hivyo ni shangazi yangu aliyenilea. Alikaa siku nne na shavu limevimba, nikimsihi aende ananiambia, "Nimeambiwa nisubiri, basi nasubiri," mpaka uvumilivu ukamwisha, akaenda kung'olewa jino na kumfokea dada wa mapokezi, maana ujumbe hutoka kwa jina la mapokezi, na kila mtu pale anaamini ndiye aliyeandika jeuri hiyo. Dada wa watu amepewa barua ya onyo, na Ijumaa anaitwa kwenye kikao ajieleze, huenda akafukuzwa. Shangazi ndiye shahidi, na anafanya mazoezi ya kutoa ushahidi mbele ya kioo cha kabati. Hajui kwamba ni mimi. Ule ujumbe nimeshaurekebisha kimyakimya, sasa unasema, "Njoo mara moja, utahudumiwa," ila nikisema ukweli bosi atajua kwamba sijasoma mpango hata mmoja tangu mwaka uanze. Je, niseme, au ninyamaze kwa kuwa kosa limesharekebishwa? Na nikisema, yule dada atanisamehe?

Ni mimi,
Binadamu wa Kusoma

*

Binadamu wa Kusoma,

Pole, na pole kubwa zaidi umfikishie shangazi yako. Nilijizuia kucheka hadi nilipofika kwenye kioo cha kabati, hapo nikashindwa. Sasa nimemaliza kucheka, tuzungumze.

Usiniletee habari za mawakala wanne kana kwamba ndio waliokuponza. Yule wa kwanza, unayemwona msumbufu, aliuliza swali la maana kuliko yote: mtu mwenye maumivu aambiwe nini? Swali hilo lilimhitaji mtu aliyewahi kuumwa jino, wewe ukampelekea asiye na hata ufizi. Uliwekwa pale kwa ajili ya swali kama hilo, ukatafuta wa kukukalia kiti. Na usiniambie kosa limerekebishwa, wakati dada wa mapokezi bado ana barua ya onyo yenye jina lake kwa kosa lako.

Nenda kwa bosi wako leo, usingoje Alhamisi. Chapisha lile swali na lile jibu kwenye karatasi moja, umwekee mezani. Usianze kumweleza hatua za kazi, anza na "nilikuwa sisomi". Kisha mwende wote wawili kliniki, na msitoke mpaka onyo lile limefutwa kwa maandishi. Shangazi mwambie mwenyewe, ila subiri shavu lipungue kwanza, maana akianza kukufokea litamuuma. Wakala wa nne mfute leo hii. Bosi akiendelea kutaka uwafundishe wenzako, kubali, somo unalo.

Yule dada mwandikie barua ya kumwomba radhi kwa mkono wako, na nikisikia umemwachia wakala aiandike, nitachapisha jina lako halisi.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama atakusamehe, nimelisoma mwenyewe mara mbili na nimelifikiria. Tutaona.