Bila Simu Sina la Kumwambia Binti Yangu

Shangazi mpendwa,

Kabla sijaomba msaada naomba kwanza ujue unaongea na nani, maana mtu akisema ameishiwa maneno unaweza kudhani ni mtu mpole wa kukaa pembeni, kumbe mimi ni mshereheshaji, yule anayeshika kipaza sauti harusini, na mji mzima wananiita Kipaza, hata watoto wa jirani wananiamkia "Shikamoo Kipaza" kana kwamba ndilo jina alilonipa mama yangu. Shule sikuimaliza, shule ndiyo iliyonimaliza mimi, lakini nimesimama mbele ya mawaziri na mbele ya wapiga rangi na wote wakashika mbavu, nimemchekesha bibi harusi aliyekuwa analia na nimemtuliza bwana harusi aliyekuwa anatafuta mlango wa nyuma, suti ninazo za kila rangi, za zambarau peke yake ninazo mbili, na nimewahi kupandishwa ndege kwenda kusherehesha nchi ya watu, ambako hawajui neno letu hata moja, na walicheka vilevile. Sijisifu, naeleza tu.

Sasa shida yenyewe ni hii: binti yangu wa kwanza anaolewa mwisho wa mwezi, na mimi sina la kumwambia.

Simu yangu ina ile programu ya akili bandia ambayo ukiiuliza jambo inakuandikia, sijui kama Shangazi unaitumia, mimi nimeipa jina la Karani. Mwanzo nilikuwa namwomba vitu vidogo, Karani nitafutie kichekesho cha wakwe, Karani nipangie majina ya wazee wa upande wa bwana harusi nisije nikamruka mtu, na haki ya Mungu ni mchapakazi, haombi chai, hachelewi, hanuni. Nikanogewa. Nikaanza kumwomba utangulizi, kisha hotuba nzima, kisha hata rambirambi. Rafiki yangu tuliyeanza naye kazi tukibebeana maspika alifariki, nikamwambia Karani aniandikie maneno ya kumpelekea mjane wake, akaandika vizuri mpaka mimi mwenyewe machozi yakanitoka, lakini shemeji alinijibu "Asante" na tangu hapo hajanitafuta. Na mke wangu naye, tuligombana, nikamtumia msamaha wa Karani, umenyooka kama umepigwa pasi, kumbe na yeye anaye Karani wake, akanijibu kwa maelezo marefu ya kunisamehe. Tulikuwa tumekaa meza moja, Shangazi! Tukaangaliana. Akaniuliza, "Kwani hasa umeniomba msamaha wa nini?" Nikamwambia, "Ngoja nisome."

Hayo yote nilicheka nikapita. Kilichonivunja ni harusi ya mwezi uliopita, ambako upande wa bwana harusi waliniita mimi na upande wa bibi harusi wakamleta kijana mmoja mtanashati anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu, nikasema moyoni, leo huyu atajua kazi inafanywaje. Nikasimama na suti ya zambarau, nikashusha sauti, nikasema, "Ndoa ni nyumba inayojengwa na mafundi wawili, mmoja anashika tochi, mwingine anapiga msumari, na giza likiingia wote wanahitaji mwanga uleule." Makofi! Mama mmoja akatoa leso. Nikaketi kifalme. Profesa akasimama, namwona anatokwa jasho, anaitazama simu yake, anapandisha, anashusha, mwishowe akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu, akasema, "Ndoa ni nyumba inayojengwa na mafundi wawili..."

Shangazi, neno kwa neno. Tochi ilikuwepo. Msumari ulikuwepo. Kumbe wote tuliuliza mashine ileile swali lilelile, hotuba fupi ya harusi, ya kutoa machozi, nayo ikatupikia chungu kimoja. Alipofika kwenye giza likiingia, meza ya vijana kule nyuma ikamsaidia kwa kuitikia pamoja kama darasa la kwanza, "wote wanahitaji mwanga uleule!" Ukumbi ukaangua kicheko hadi sahani zikagongana. Mzee mmoja wa meza ya mbele akaniuliza, "Huyu ndiye mwanafunzi wako?" Baadaye Profesa akanisogelea kwenye keki, akaninong'oneza, "Mzee Kipaza, kumbe na wewe unaye?" Nikamwambia, "Nyamaza, kula keki."

Binti yangu alikuwepo pale na mchumba wake. Huyu binti kazi yake ni kupiga watu eksirei hospitalini, yaani analipwa kuona ndani ya watu, na mimi baba yake nilidhani ataishia kwenye suti. Hakucheka. Watu walipoondoka akaja kunisaidia kukunja nyaya, maana hata leo, pamoja na kazi yake ya koti jeupe, huwa ananisaidia kukunja nyaya, akasema bila kuniangalia, "Baba, siku hizi unamaliza hadithi."

Nikamwambia, "Si ndiyo vizuri?"

"Zamani ulikuwa humalizi. Ulikuwa unacheka kabla ya kufika mwisho, watu wanakucheka wewe unavyocheka, hadithi yenyewe inasahaulika. Mimi hiyo ndiyo niliyokuwa nakuja kuisikia."

Mimi, Kipaza, nikajitia kufuta vumbi kwenye spika. Akaweka waya wa mwisho kwenye kapu, akasema, "Siku yangu simu zote zitabaki mlangoni, na yako iwe ya kwanza. Sitaki kuagwa na huyo wa kwenye simu, baba. Ongea wewe. Hata ukiongea pumba, ziwe pumba zako."

Na anasema kweli, kwa sababu ninayo hadithi yake moja ambayo sijawahi kuifikisha mwisho mbele ya watu. Alipokuwa mdogo nilikuwa naenda naye kazini mama yake akiwa zamu, namkalisha nyuma ya spika juu ya furushi la nyaya na kipande chake cha keki, siku moja nageuka hayupo, ukumbi umefurika, moyo umenishuka hadi kwenye soksi, nikashika kipaza sauti nikatangaza, jamani mtoto amepotea, gauni la njano, kiatu mguu mmoja, na hapo kwenye kiatu ndipo mimi huanza kucheka na siendelei tena. Basi wewe Shangazi nakumalizia. Tulimkuta mbele kabisa, amesimama mbele ya spika inayomzidi kimo, kile kiatu kingine amekishika mkononi anaigongea, kwa sababu alikuwa anaisikia sauti yangu humo, na anapiga kelele, "Baba, toka humo! Toka twende nyumbani!"

Tangu siku ya zile nyaya, kila nikipata nafasi nakaa kwenye meza ya jikoni na kalamu. Naandika "Mwanangu." Nabaki nalitazama. Mkono wenyewe unateremka mfukoni kutafuta simu, sijautuma. Nikashindwa, nikamuuliza Karani kwa siri, akanipa hotuba tamu kuhusu binti, ina maua, ina mabawa, ina njia ndefu, nikaisoma nikaona huyu ni binti wa mtu yeyote. Nikaifuta. Na baada ya kuifuta ndipo nikaogopa, maana hakikubaki kitu. Je, Shangazi, mdomo unaweza kukonda kwa kutotumika, kama mguu uliokaa sana ndani ya plasta? Nimdanganye tu, niikariri hotuba ya Karani kimoyomoyo nijifanye ni yangu, kukariri naweza na hakuna atakayejua? Au nimwachie baba yake mdogo aongee badala yangu, ingawa yule akiongea hata maua ya mezani yanasinzia? Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, simu nimempa mke wangu aikalie. Makosa utayanyoosha wewe.

Ni mimi, Kipaza niliyekatika sauti.

SHANGAZI ANAJIBU

Kipaza baba, kwanza pole. Pili, punguza suti. Nilifika katikati ya barua sijajua kama unataka ushauri au fundi wa kupiga pasi.

Makosa yako sijayanyoosha. Mhariri alitaka, nikamzuia mkono. Siku hizi barua nyingi zinazofika hapa zimeandikwa na makarani kama huyo wako, na nikizifungua tu nazijua. Zinanishukuru kabla sijafanya lolote. Machungu yamepangwa kwa mstari kama vikombe kabatini. Aliyeachwa na mume na aliyegombana na jirani kwa ajili ya maji taka wanalia kwa sauti moja, nami namtafuta mwenye shida humo ndani nimpe pole, simwoni. Yako imepinda, imerukaruka, imesimama njiani kujisifu kisha ikakumbuka inakokwenda, na nilipofika kwenye kiatu nilicheka peke yangu ofisini hadi mhudumu akachungulia. Kwa hiyo swali la mdomo kukonda limejijibu lenyewe. Mdomo wako ni mzima. Umebembelezwa sana, basi, ukawa mvivu.

Sitakuambia uitupe simu. Hii yangu inanikumbusha dawa ya presha, na nyumba ya mwanangu nisingeipata bila ramani yake, ingawa ni mimi niliyemsaidia kuhamia. Karani akupangie majina ya wazee, vizuri, hiyo ni kazi ya karani. Lakini ni karani gani anayetumwa kumlilia rafiki yako? Hapo hukumpa kazi, Kipaza, ulimpa kiti chako. Ukiwa mkweli, hukumwachia kwa kukosa nafasi. Ulimwachia kwa sababu kumtazama mjane machoni kunauma, na Karani haumii. Sote tunafanya hivyo, mimi nimo, tunaona jambo linauma tunalisukumia simu. Halafu tunashangaa mbona watu wetu wanatujibu "Asante."

Sasa nisikilize. Kukariri hotuba ya Karani nakukataza. Eti hakuna atakayejua! Umezaa mtoto anayeona mbavu za watu kupitia shati, halafu umdanganye siku hiyo, amevaa shela, amekaa hatua chache kutoka kwako? Atajua kwenye sentensi ya kwanza, naye hatasema, atatabasamu kwa ajili ya wageni. Hilo tabasamu utaishi nalo. Na baba mdogo mwache apumzike, wageni hawajakukosea.

Kalamu iweke chini. Wewe riziki yako umeipata ukiwa umesimama, nani kakuambia maneno yako yatakuja ukiwa umekaa? Ni sawa na kumwambia mchezaji apige penalti amelala kitandani. Simama jikoni mke wako akimenya viazi, msimulie mambo ya huyo mtoto, moja leo, jingine kesho, kwa sauti. Akikukatisha akisema "hapana, haikuwa hivyo," mshukuru. Hadithi zikikwama, ziache zikwame, zitaanza tena. Na kwa kuwa uko naye jikoni, mwombe ule msamaha upya. Kosa mmelisahau? Mwombe msamaha wa kulisahau, kisha shika kisu umenye na wewe.

Halafu kabla ya harusi nenda kwa shemeji yako. Usipige simu kwanza, utaanza kutafuta cha kuandika. Gonga mlango. Mwambie hukuja mapema kwa sababu uliogopa, kisha mkumbushe yule marehemu alivyokuwa anabeba spika, upande gani, akilalamika nini. Hutahitaji hotuba. Mtu aliyebebeana mzigo na mumewe ameingia ndani akaketi, hicho ndicho alichokuwa anakingojea siku aliyokujibu "Asante."

Siku yenyewe ikifika, simu yako iwe ya kwanza kubaki mlangoni kama ulivyoagizwa, na hata ukitokwa jasho kama Profesa usiifuate. Vaa hiyo zambarau, najua huambiliki. Anza na gauni la njano. Ukifika kwenye kiatu utacheka kama kawaida yako, au safari hii utalia, kwa baba wa bibi harusi vicheko na machozi hutokea mlango mmoja. Usihangaike kutafuta mwisho. Mpelekee binti yako kipaza sauti, amalizie yeye. Mwisho anaujua, ndiye aliyeusema.

Naye akikuambia tena utoke humo, Kipaza, safari hii toka.