Breki za Kushoto Zilizofungwa Kulia

Shoga, niko hai. Keti kwanza.

Ndege yetu imetua, ikaacha njia, ikaingia majanini na kusimama mbele ya mbuzi. Mbuzi hata hakuacha kutafuna!

Rubani katoka, jasho linamtiririka: "Breki zimefungwa kinyume! Nikikanyaga kushoto, inashika kulia!" Kisha ananinong'oneza mimi mhudumu wake, "Dada, watangazie tumefika salama."

Tumefika wapi?

Nikashika kipaza sauti: "Abiria wapendwa, breki zimefungwa kinyume. Shukeni polepole, msimtishe mbuzi."

Bibi mmoja akapiga makofi.

Sasa sikia utetezi wa fundi. Alifunga mabomba ya breki akiwa amelala chali, kwa hiyo kushoto kwake kukawa kulia kwetu. Amelala chali, shoga! Na mkaguzi akatia sahihi akiwa nyumbani, kwa kutazama picha kwenye simu.

Meneja kaniita mimi. Mimi! Anataka barua ya kuomba radhi kabla ya saa kumi, la sivyo nirudishe sare. "Umeiaibisha kampuni," anasema.

Sare nimeikunja vizuri, iko mezani kwake. Radhi siombi.