Mukono Kwenye Bega la Neema

Mama Neema,

Siku ya kutoa buleti za alama nilikutafuta kwa macho kabla sijakumbuka kwamba haupo. Wazazi walikuwa wamejibana kwenye mabenchi ya watoto, magoti karibu yafike kidevuni, na mimi nikaanza vile naanzaga kila mwaka: wazazi wapenzi, haya ndiyo munapaswa kujua juu ya mwaka wa mutoto wenu. Halafu nikaacha katikati, nikaanza kugawa karatasi. Wakadhani ni uchovu. Wewe nakuandikia yako hapa, kwa sababu ninayotaka ujue hayamo kwenye buleti.

Neema amepita. Mwaka wa tatu umekwisha, anaenda wa nne. Kwenye hesabu ni mukali, Kifaransa anameza nusu ya maneno kama wewe. Anaishi mutaa wa Mapendo kwa kaka yako, anakula, amerefuka, rinda la shule limefika juu ya magoti. Furahia hiyo kwanza, maana inayofuata ni mbaya.

Nilimupiga mutoto wako. Sikumuchapa viboko viwili vya mwalimu, hapana. Nilimupiga mpaka mwalimu wa darasa la pili akanivuta kwa kiuno.

Shule ilifunguliwa tena majuma machache baada ya vita kuingia muji. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa na matundu ya masasi, na watoto walikuwa wanaingiza vidole humo wakati wa mapumziko ya rekreasio. Walikuwa wanacheza vita. Walikuwa wanacheza maiti pia, mumoja analala, wengine wanamuruka, na mimi niliwafukuza kwa kelele kwa sababu nilikuwa nimeruka za kweli. Siku ile nilipotoka kukutafuta mutaa wa Mabanga, maiti tano zilikuwa barabarani, na nilizipita nikiangalia nguo tu, nguo tu, kama ni kitenge chako. Hata kulia sikulia. Nilirudi nyumbani na hasira, nikaenda nayo kazini kila asubuhi.

Unakumbuka mustari wa asubuhi. Watoto wanasimama mbele ya mulango wa kalasi, kila mumoja ananyoosha mukono na kuuweka kwenye bega la mwenzake wa mbele, ili nafasi ziwe sawa, ndipo waingie. Tulifanya hivyo wewe na mimi tukiwa wadogo, na ulikuwa unanifinya. Basi Baraka, mutoto munyamavu ambaye hajawahi kumugusa mutu vibaya, akaweka mukono kwenye bega la Neema.

Neema akageuka na jiwe. Sijui aliliokota saa ngapi, pale kwetu mawe meusi ya volkano yako kila mahali. Akamupiga Baraka usoni, Baraka akaanguka, akamufuata chini, akapiga tena na tena. Meno mawili yalitoka. Nyusi ilipasuka, damu ikajaa kwenye shati jeupe mpaka watoto wa nyuma wakaanza kukimbia na kuita mama zao. Nilimuuliza Neema: kwa nini? Akaangalia ukuta.

Nikachukua fimbo.

Wewe ndiye uliniambia, pale ulipokuwa unauzisha samaki ndogo za sambaza, umekaa na sinia yako: "Huyu akileta kichwa ngumu mupige, Madamu, usiniulize." Ulisema ukicheka, unanifungia samaki za bure kwenye karatasi, unanitania kwamba Kifaransa changu ni kizuri lakini sombe yangu ya majani ya muhogo ina muchanga. Kila muzazi wa Goma anamwambia mwalimu vile. Nililibeba neno lako kama ruhusa. Kila fimbo iliyomushukia nilikuwa najiambia: mama yake alikubali. Mikono kwanza, halafu miguu, halafu mugongo. Sitakudanganya, ile hasira haikuwa ya Baraka. Ilikuwa ya wewe kufa. Nikamupigia mutoto wako kifo chako, Mama Neema, na watoto wote wakiangalia.

Mwenzangu aliponivuta, nikamushika Neema bega nimuingize kalasini. Akaniuma. Aliuma mpaka mfupa, na kovu liko hapa chini ya kidole gumba.

Mchana baba ya Baraka alikuja na ndugu zake wawili, wakapita mulinzi wa geti. Alisema atamuvunja yule mutoto mukono uliopiga, auvunje mbele yetu. Direktere wa shule alimufungia Neema katika biro, ofisi yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni afazali tumufukuze, shule haiwezi kuingia matatani na familia ile. Nilikubali. Andika hiyo pia mahali ulipo: nilikubali.

Kaka yako ndiye alisema yaliyotokea. Aliitwa aje kumuchukua mutoto, akasimama katikati yetu na kofia mukononi. Sote tulifikiri Neema alikuwa amekwisha kufika Mapendo wakati ulipokufa. Hapana. Neema alimwambia mujomba wake kwamba mulikuwa pamoja. Ulikuwa nyuma yake, mukono wako kwenye bega lake, unamusukuma katikati ya watu waliokuwa wanakimbia, unamwambia: "Usigeuke. Enda tu, usigeuke." Bombe likaanguka. Mukono ukabaki kidogo, halafu ukatoka. Na yeye hakugeuka. Alitembea peke yake mpaka Mapendo, akagonga, na kaka yako alipofungua akasema: "Mama iko nyuma, anakuja." Mugongo wote wa blauzi yake ulikuwa damu yako.

Kaka yako alisema hakumwambia mutu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Baba ya Baraka akakaa kwenye kiti. Kisha akasema mutoto abakie, ila asiwekwe karibu na wake. Ndugu zake wakatoka bila kuaga.

Hakuna aliyeuliza. Miaka yote nimesimama mbele ya wazazi nikiwaambia wanachopaswa kujua: madaftari yafunikwe, kucha zikatwe, saa moja na nusu geti linafungwa. Sijawahi kuwauliza mimi napaswa kujua nini.

Sasa watoto wetu wananyoosha mikono bila kugusana. Neema anasimama wa mwisho, hakuna mutu nyuma yake. Fimbo niliivunja nikawashia makala ya jiko. Baraka alipona, ila akicheka anafunika mudomo. Neema nilimuomba musamaha, tukiwa wawili, nikapiga magoti. Akasema: "Ndiyo, Madamu," vile mutoto anajibu akiulizwa kama amefunga mulango.

Nilitaka kulipa kwa kazi. Niliomba nipande na kalasi, niwafundishe mwaka wa nne A, nibaki naye. Direktere akakubali, nikafurahi kama mujinga. Halafu siku ya buleti, wazazi walipokwisha kutoka, akaniita. Neema alikuwa amekwenda kwake peke yake, buleti mukononi, akaomba awekwe mwaka wa nne B. Direktere alimuuliza kama Madamu ni mubaya. Akasema: "Hapana. Ni rafiki ya mama. Lakini namuogopa."

Nilikasirika, unanijua. Nilitaka kumufuata Mapendo nimwambie nani alikushika mukono siku anazaliwa, nani alimufunga kwenye kitenge cha kwanza. Nikavaa viatu. Nikavivua.

Aende B. Nimekwisha kuongea na mwalimu wa kule, ni kijana, anajivunia fimbo yake. Nilimukalisha nikamueleza bombe, bega, jiwe, na nilivyofanya mimi. Aliona haya kwa niaba yangu. Vizuri, aone.

Lala, rafiki yangu. Nakuahidi ile ngumu kuliko zote kwangu: mutoto wako akinipita uwanjani bila kunisalimia, nitamuacha apite.

Madamu Odeta