Loweka Kwanza, Choma Baadaye

Jumatano, 5 Juni 2024
Nimerudi kutoka semina Tabora. Siku mbili, sambusa, cheti. Mada: moshi wa taka za hospitali. Nilijua nitasinzia. Sikusinzia!

Mwezeshaji alisema taka zenye klorini zikiungua vibaya, moshi wake ukipoa unazaa dioksini — sumu inayojificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Mipira ya dripu ina klorini ndani yake. Kisha akauliza: nani analoweka taka kwenye maji ya klorini kabla ya kuchoma? Nikanyoosha mkono. Kwa fahari. Kuangalia, niko peke yangu.

Miaka sita mimi, afisa afya Koleta, nimefundisha kuloweka. Ndoo za buluu ni wazo langu. Maandishi ya ukutani ni mkono wangu: LOWEKA KWANZA, CHOMA BAADAYE. Rangi nyekundu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemweleza Sista Godeliva, mkuu wa kituo. Ananiuliza kama nataka tuonekane wajinga. Wakaguzi wa mkoa wanakuja tarehe 18, na ndoo zetu zimeshasifiwa. Tusubiri wapite.

Mzee Leopoldi, mchoma taka wetu, alisikiliza vizuri zaidi.
— Klorini si ndiyo tunayotia kwenye maji ya kunywa, daktari?
(Mimi si daktari. Nimeacha kumsahihisha.)
— Ndiyo, mzee.
— Na haituui?
— Haituui. Ikifika motoni ndiyo inabadilika.
— Kama mtu aliyepewa cheo!

Akaongeza kwamba taka zilizolowekwa zinaununisha moto, unabaki kufuka tu. Mwezeshaji alisema hivyo hivyo: moto hafifu unaongeza sumu. Mzee anajua tangu mwaka wa kwanza. Sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu, 10 Juni
Taka hazilowekwi tena, ndoo nimeziondoa. Mipira ya dripu nimeitenga, magunia matatu. Yaende wapi? Nimepiga simu wilayani. Nao wameniuliza: yaende wapi?

Jioni — ndoo zimerudi mahali pake. Zimeoshwa hata! Sista.

Ijumaa, 14 Juni
Kuku wanapekua shimo la majivu! Wa nani? Wa Mzee Leopoldi. Nyumba yake iko hatua hamsini, upande moshi unakoelekea.
— Mayai yao mnakula?
— Anakula mkwe wangu, Esperansi. Ana wiki mbili tangu ajifungue. Si ulisema mwenyewe kliniki, mzazi ale mayai?

Nilisema. Mbele ya akina mama arobaini, na wakanipigia makofi.

Nikamwambia sumu ya majivu inaingia kwenye mafuta ya kuku na kwenye kiini cha yai. Awafungie, mayai yao yasiliwe. Hakubisha hata kidogo. Afadhali angebisha.

Jumanne, 18 Juni
Saa tatu asubuhi. Wageni bado. Sista amevaa sare mpya.

Esperansi amekuja na kichanga mgongoni, kinalia mpaka sauti imekauka. Hajanyonyesha tangu jana jioni! Amempa maji ya sukari. Baba mkwe kamwambia: kama sumu inafuata mafuta ya kuku, itaacha maziwa ya mama?

Hilo sikumwambia mimi. Mzee amelifikiria mwenyewe, na amelifikiria sawasawa. Sumu inapita kwenye maziwa. Lakini semina walisisitiza: mama anyonyeshe, kuacha ni hatari zaidi.

Nikamwambia anyonyeshe sasa hivi, hapa hapa kwenye benchi. Nilisema kwa sauti kavu, ya uhakika. Ile ile niliyofundishia kuloweka. Nadhani aliitambua.
— Una hakika, dada?
— Nina hakika.
— Imeandikwa mahali?

Nimekimbilia stoo kutafuta kijitabu cha semina. Nimekipata. Ukurasa wa thelathini na moja, imeandikwa wazi kabisa — kwa Kiingereza.

Nimeandika nyuma ya kijitabu kwa Kiswahili, herufi kubwa, nimpelekee. MAMA ANYONYESHE. Sista anaita, gari la mkoa limefika, njoo upokee wageni! Na benchini mtoto bado analia, Esperansi anangoja maandishi.